Elfu mbili za shangazi: tathmini ya njia za kuripoti udanganyifu katika ruzuku za TASAF

Ujumbe wa muamala ulioingia kwenye simu ya shangazi yangu ulisema ametoa shilingi 32,000, lakini fedha alizoondoka nazo kwenye kibanda cha wakala zilikuwa 30,000. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshikia kikapu cha muhogo, na nilimsikia akimtajia yule kijana namba yake ya siri kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, mbele ya watu watano waliokuwa wakisubiri zamu. Nilipouliza kuhusu zile elfu mbili, kijana alijibu bila kuinua macho kwamba ni "ya kutolea, mzee". Jibu hilo lilinishangaza, kwa sababu ada ya kutoa fedha hukatwa na mtandao wenyewe kwenye salio, na wakala hulipwa kamisheni yake na kampuni, kwa hiyo hakuna ada halali ambayo mteja humwachia wakala mkononi. Shangazi hakulijua hilo. Alidhani ndivyo dunia ya simu ilivyo, na amekuwa akiacha "ya kutolea" pale kila malipo yanapotoka.

Kwa muda wa miezi mitatu iliyofuata nilizijaribu njia za kutoa taarifa ambazo mlengwa wa kawaida wa kijijini, yaani mpokeaji wa ruzuku ya TASAF kama shangazi, anaweza kuzifikia, na haya ni maoni yangu kuhusu njia hizo. Sitaijadili ruzuku yenyewe, kwani kuhusu umuhimu wake kwa mjane anayelea wajukuu watatu sina la kubishana na mtu yeyote.

Kwanza ni haki kueleza kilichofanyika kuzuia udanganyifu kabla fedha hazijatoka, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, na ulizinduliwa mwaka 2012. Ukafikia zaidi ya kaya milioni 1 Tanzania Bara na Zanzibar, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Kaya haiingizwi kwenye orodha kwa barua ya mwombaji. Mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia ndio unaokubaliana nani ni maskini na kwa vigezo vipi, kisha majina yanapendekezwa, kaya zinajaziwa dodoso, taarifa zinachujwa kwa kompyuta, na orodha inarudishwa tena mbele ya wanakijiji ili waithibitishe au waipinge. Pamoja na hatua zote hizo, uhakiki uliofanywa baada ya miaka michache ya kwanza ulibaini makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, ambazo watu walizibandika jina la "kaya hewa": waliokwisha kufariki, waliohama, na wengine ambao hawakuwa maskini hata kidogo. Ziliondolewa.

Kwa maoni yangu, mkutano ule wa hadhara ndio kifaa bora kuliko vyote ambavyo mpango huu unavyo dhidi ya udanganyifu. Kompyuta haiwezi kujua, kama anavyojua jirani, kwamba mwenye nyumba ya udongo iliyo karibu na kisima anakusanya kodi ya vyumba vinne mjini. Katika kijiji chetu nilimshuhudia mama mmoja akisimama na kutamka, kwa adabu kabisa na huku akimwita mhusika "kaka yangu", kwamba jina la kaka yangu huyo lisiwemo kwa sababu ana pikipiki mbili za bodaboda. Jina lilifutwa pale pale. Watu walicheka, naye kaka mtu akacheka, na mambo yakaisha bila faili wala safari ya wilayani.

Mkutano huo unafaa kumzuia asiyestahili kuingia. Haufai hata kidogo kwa mlengwa halali anayepunjwa, na wizi wa namna hii ndio ninaouona zaidi siku hizi. Zamani malipo yalipofanyika kwa fedha taslimu, mlengwa aliitwa jina mbele ya wenzake, akaonyesha kitambulisho chake, akatia saini au dole gumba, na kila aliyekuwepo aliona noti zikihesabiwa. Utaratibu ule ulikuwa na hatari zake, ikiwemo ya kusafirisha fedha nyingi kwenye barabara za vumbi, na kuhamishia malipo kwenye simu na benki kumeziba mianya mingi, hasa ile ya fedha kupungua njiani kutoka ofisini hadi kijijini. Lakini mfumo wa simu huona fedha zilizotoka kwenye akaunti. Hauoni zilizoingia kwenye kiganja. Kwenye kumbukumbu za mtandao, shangazi yangu amelipwa kikamilifu kila mara. Mkaguzi yeyote atakayefungua taarifa zake atakuta kila kitu kiko sawa.

Njia ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa kamati ya jamii ya kijijini, ambayo ndiyo iliyo karibu na mlengwa na ambayo anatarajiwa kuanzia kwake. Mwenyekiti wake alitupokea vizuri, akatupa viti, akaandika maelezo yetu kwenye daftari la mistari, kisha akasema kwamba jambo hilo ni la wakala na kampuni yake, si la kamati. Alikuwa na hoja. Ila kilichonisumbua zaidi ni safari ya kufika pale, kwa sababu shangazi alisita siku nne nzima kabla ya kukubali tuende. "Mwanangu, hao ndio wanaosoma majina," aliniambia. "Nikionekana mtu wa maneno, uhakiki ukija watasema sipo." Nilijaribu kumweleza kwamba mjumbe hana mamlaka ya kumfuta mtu kwenye orodha, na kwamba kuondolewa kwa kaya kuna utaratibu wake. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayekuwepo siku ya uhakiki. Hofu hiyo haiondolewi na tangazo la kuwahimiza walengwa wasiogope, kwani anayepokea malalamiko ni jirani, pengine ni shemeji wa huyo huyo wakala, na mlengwa atakutana naye kisimani kesho yake.

Njia ya pili ilikuwa ofisi ya halmashauri. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, bodaboda hadi barabara kuu na gari kutoka hapo, ilifika shilingi 12,000, yaani mara sita ya fedha tuliyokuwa tunaifuatilia, na hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini walengwa wengi hawafiki huko. Mtumishi aliyetuhudumia alikuwa muungwana, alimpa shangazi shikamoo na kumsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Aliomba ushahidi. Tulikuwa na ujumbe mmoja tu, ule wa siku niliyokuwepo, kwa kuwa wajukuu hufuta ujumbe wa zamani ili wapate nafasi ya picha. Alichukua maelezo, akatuahidi kuyafuatilia, na nilipomwomba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yetu akanipa namba yake ya simu. Nilishukuru, lakini namba ya simu ya mtumishi haiwezi kuchukua nafasi ya namba ya malalamiko: akihamishwa, malalamiko yanahama naye.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta matokeo, ingawa kwa taabu. Tulipiga 100, namba ya huduma kwa wateja inayotumiwa na mitandao yote ya simu nchini, na swali la kwanza la mhudumu lilikuwa jina kamili la mmiliki wa laini. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba laini ambayo ruzuku ya shangazi huingia imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Dar es Salaam, kwa sababu siku ya usajili alama za vidole za shangazi zilikataa kusomwa kwenye mashine. Mikono iliyopalilia miaka hamsini haina tena mistari ya kutosha. Kwa mtandao, basi, shangazi si mteja wao. Ilibidi mwanawe apige mwenyewe, ajibu maswali, aombe taarifa za miamala, na alipozipata tukaona malipo sita yaliyotolewa kwa wakala yule yule. Siku nne baadaye wakala alikuja nyumbani jioni na noti mbili za elfu moja, akisema, "Samahani bibi, siku ile nilijichanganya." Alirudisha za siku moja. Za siku nyingine tano hatukuwa na la kumwonyesha, kwa kuwa hakuna aliyeandika kiasi kilichofika mkononi.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sikupiga 113. Namba hiyo ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupigwa bure, na kwa maoni yangu ndiyo njia iliyo nyepesi kuliko zote nilizozitaja, kwani haina nauli wala haipiti kwa jirani. Hata hivyo kazi yake ni rushwa, na wakala binafsi anayempunja mteja ni mwizi wa kawaida, ambaye mahali pake ni kampuni ya simu na polisi. Inafaa pale ambapo mwenye dhamana ya umma anadai kitu: mjumbe anayetaka "shukrani" ili jina lisomwe, kiongozi anayeingiza ndugu zake kwenye orodha, au mtumishi anayepokea fedha kwa jina la marehemu. Mambo hayo yanaguswa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mtoa taarifa ana kinga chini ya Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayokataza kumfichua na kumwadhibu kwa kusema kweli. Nina angalizo moja tu. Katika kitongoji chenye walengwa kumi na wawili, kutotaja jina hakukufichi, kwa sababu maelezo yenyewe yanakutaja: mjane, wajukuu watatu, alidaiwa elfu tano siku ya Jumatano. Nimewashauri majirani zetu kwamba anayepiga asiwe mlengwa mwenyewe, bali ndugu aliye mbali, na aeleze tabia ya mhusika kwa walengwa wengi badala ya kisa cha mtu mmoja kinachotambulika.

Kuna pia ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao huwafikia walengwa kama unavyomfikia kila mtu, na ambao huuma zaidi unapoingia siku za malipo. Huo huripotiwa bure kwenda 15040, namba iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Niliitumia mara moja. Ilinichukua dakika mbili na sikutakiwa kumweleza mtu yeyote habari za ukoo wangu.

Nikilazimishwa kutoa alama, uteuzi wa walengwa kwa mkutano wa hadhara ningeupa nane kwa kumi, namba ya 113 saba kwa masuala yanayoihusu, na njia za kumsaidia mlengwa aliyepunjwa kwenye kibanda ningezipa tatu, ambazo mbili ni za uungwana wa watu tuliokutana nao. Fedha nyingi na akili nyingi zimetumika kumtafuta maskini wa uongo. Maskini wa kweli anayeibiwa ameachiwa mwenyewe kazi ya kuwa mkaguzi, na mara nyingi hajui kusoma. Lingesaidia sana kama kila lalamiko, hata la elfu moja, lingepewa namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na kama kiwango ambacho kila kaya imetumiwa kingesomwa kwa sauti kijijini siku ya malipo, kama majina yanavyosomwa siku ya uteuzi, ili jioni watu walinganishe.

Kwa sasa tumejipangia wenyewe. Mwanawe alipiga *106# na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha akaomba likizo akaja kumpeleka mama yake kwenye duka la kampuni ya simu, ambako vidole vilikubali katika jaribio la nne baada ya kuoshwa kwa sabuni na kupanguswa kwa kanga. Laini sasa ni ya shangazi. Malipo ya mwezi uliopita aliyatoa kwa wakala mwingine, mwendo wa nusu saa zaidi kwa miguu. Alibonyeza namba ya siri mwenyewe, akakosea mara moja, akarudia. Mjukuu wake wa darasa la sita alisoma ujumbe kwa sauti kabla noti hazijakunjwa, akaandika tarehe na kiasi nyuma ya daftari la hisabati: 32,000 imetoka, 32,000 imepokelewa. Kuhusu malalamiko tuliyoyapeleka halmashauri, nimepiga simu mara tatu na nimejibiwa kwa heshima mara zote tatu kwamba yanashughulikiwa. Namba ya kumbukumbu bado sijapata.