Kliniki ya watoto Tabata: walivyochunguza degedege la mwanangu baada ya chanjo

Mwanangu alichomwa chanjo ya surua-rubella ya miezi tisa siku ya Jumanne. Siku nane nzima hakuwa na neno. Usiku wa siku ya tisa akachemka, macho yakageuka, akakakamaa na kurusha mikono yote miwili. Jirani, mama mtu mzima ninayemheshimu, akanisihi nisimpeleke hospitali: mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Nikamwambia asante mama, nikajifunga kanga, nikatoka.

Mapokezi waliniudhi. Mtoto amelegea begani, binti ananiambia nilipie faili kwanza. Nesi aliyekuwa anapita ndiye aliyemnyakua. Hilo walirekebishe haraka.

Ila daktari! Alianza na maswali: ametikisika dakika ngapi, upande mmoja au mwili mzima, amezinduka baada ya muda gani, nani kwenye ukoo amewahi kupata degedege. (Baba yake alipata utotoni, mama mkwe alinithibitishia kwa simu saa saba usiku.) Joto 39.4. Akapima malaria, sukari na mkojo, akakunja shingo, akagusa utosi. Maji ya uti wa mgongo hakutoa, na akanieleza kwa nini: mtoto ameshazinduka, ananyonya, shingo laini. Hali ikibadilika, atayatoa.

Kisha akashika kadi, akahesabu siku kwa kidole. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo homa yake huja kama wiki moja au mbili baadaye, si usiku uleule kama ya penta, ile chanjo ya magonjwa matano. Akasema inawezekana ni chanjo, ila kutangulia peke yake si ushahidi, ndiyo maana anatafuta na mengine. Hakunizima, hakunitisha. Nilihitaji mtu wa hivyo usiku ule.

Alijaza mbele yangu fomu ya kuripoti maudhi ya chanjo, ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kituo kilichochanja hakikuandika namba ya toleo kwenye kadi. Asubuhi akawapigia simu mpaka ikapatikana kwenye rejista yao.

Vipimo vyote safi. Jumla 68,000, risiti ninayo. Alinifundisha pia: degedege likirudi nimlaze ubavu, nisimtie kijiko mdomoni, nitazame saa, likipita dakika tano, nimkimbize hospitali.

Chanjo ya pili, ya miezi 18, tulimpeleka baada ya kuzungumza na daktari huyo tena. Siku ya kumi alichemka kidogo, 38, akalala kifuani kwangu. Asubuhi akaomba uji.