Risasi za gobore kwa elki wa Colorado: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama umebahatika kwenye droo ya vibali na una tagi (kibali) ya elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, ya msimu wa gobore katika jimbo la Colorado, Marekani, subiri kwanza, usikimbilie dukani, maana risasi nyingi zilizopangwa pale shelfu huruhusiwi kuzitumia na muuzaji wala hatakuuliza unaenda kuwinda wapi, yeye anauza tu. Msimu wenyewe ni siku tisa katikati ya Septemba. Saboti hairuhusiwi (ile risasi nyembamba iliyovishwa kikoti cha plastiki), baruti ya vidonge hairuhusiwi, lazima iwe ya unga, darubini hairuhusiwi, mtutu kwa elki usiwe chini ya .50 (yani kipenyo cha nusu inchi), na urefu wa risasi usizidi mara mbili ya kipenyo chake, yani kwa .50 isizidi inchi moja. Chukua rula upime mwenyewe. Afu soma broshua ya Colorado Parks and Wildlife (idara ya wanyamapori ya jimbo) ya mwaka huohuo, ya mwaka jana haikusaidii.

Sasa elki mwenyewe. Dume anavuka kilo 300, mkubwa kuliko tandala, bega nene, mifupa ya maana. Na risasi ya gobore inaenda polepole ukilinganisha na raifo, kwa hiyo usitegemee spidi ikufanyie kazi, kinachofanya kazi ni uzito na tundu. Unataka iingie upande huu itokee upande wa pili, kwa sababu elki akipigwa vizuri kabisa bado anaweza kukimbia akazama kwenye misonobari, na bila tundu la kutokea damu utaitafuta mpaka giza likukute.

Kwa mtutu wa .50, mimi napanga hivi.

Namba moja ni konikali (risasi ndefu yenye ncha, sio ya duara) ya ledi laini, yani madini ya risasi, inayojaza mtutu mzima, bila kikoti. Hornady Great Plains ya greni 385 (kama gramu 25) ndo ya kuanzia, na ukitaka nzito zaidi kuna No Excuses ya greni 460, karibu gramu 30, hiyo bana inapita kwenye elki bila kuuliza ruhusa ila bega lako nalo litajua. Uzuri wa ledi laini ni kwamba baruti ikilipuka kitako cha risasi kinatanuka kidogo kinashika mikunjo ya ndani ya mtutu (ile mifereji inayoizungusha risasi), ndo maana ledi iliyochanganywa ikawa ngumu haifai hapa hata kama inang'aa vizuri kwenye picha. Ubaya wake inashuka haraka, ukishavuka yadi 100 unaanza kubahatisha, lakini kwa macho matupu bila darubini wengi wetu hatuna biashara huko mbali hata hivyo.

Ila kuna kitu kimoja hapa cha kuangalia sana. Mitutu inayoandikwa .50 hailingani, mmoja unabana mwingine umelegea, tofauti ni elfu moja au mbili za inchi tu lakini inatosha kuharibu kila kitu. Weka risasi mdomoni mwa mtutu usukume kwa dole gumba: ikitumbukia yenyewe mpaka chini hiyo ni ndogo, ikikataa mpaka ugonge kwa nyundo hiyo ni kubwa, unayotaka inaingia kwa kubanwa kiasi na mdeki (ile fimbo ya kushindilia) unaishusha taratibu. Iliyolegea ni hatari, sio suala la shabaha peke yake: ukitembea mlimani bunduki imeelekea chini risasi inateleza inaachana na baruti, ikabaki nafasi katikati, na ukifyatua hivyo mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo ukishashindilia, chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu, na kila mkipumzika njiani rudisha mdeki ndani, alama ikiwa imepanda juu sukuma tena. Kipande cha felti juu ya baruti kabla ya risasi nacho kinasaidia.

Namba mbili ni shaba tupu, Thor. Hizi zinauzwa kwa saizi tofauti tofauti za mtutu, unapima wako unaagiza inayolingana, na haziachi vipande vya ledi kwenye nyama. Kama nyama inaliwa na watoto nyumbani hata mimi ningeipandisha hii iwe namba moja nisibishane na mtu. California wala huna uchaguzi, tangu Julai 2019 ledi imepigwa marufuku kwenye uwindaji wote. Bei ndo inauma.

Tatu, PowerBelt. Kushindilia ni rahisi mno, ndo maana zinauzika, kale kamkia ka plastiki nyuma kanaziba gesi na mkono wako haupati tabu. Lakini ledi yake ni laini na koti la shaba ni jembamba, ukiijazia baruti nyingi ukampiga elki karibu, begani, inaweza kufunguka mapema kabla haijafika ndani. Ukiitaka chukua nzito, greni 348 hivi, punguza baruti, na lenga nyuma ya bega.

Nne ni gololi na kitambaa, yani risasi ya duara inayoshindiliwa ikiwa imezungushiwa kitambaa. Kwa wale wa gobore la kizamani kabisa. Gololi ya .50 ina greni 177 hivi, kisheria inapita lakini kwa elki mimi naiona ndogo, nenda .54 yenye greni kama 225 na uwe karibu, yadi 60 hivi, na mtutu wenye mikunjo ya polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 66 hivi. Ukiipeleka kwenye mtutu wa kisasa wa mzunguko mmoja kwa inchi 28 itakutawanyikia.

Saboti nimeiacha mwisho kwa sababu ya sheria tu. Jimbo linaloruhusu, Barnes ya shaba ya greni 290 au 300 inashindana na yoyote hapo juu. Idaho nako msimu wa gobore saboti hapana, kwa hiyo usidhani ni Colorado peke yao.

Baruti: anzia greni 80 za ujazo (unapima kwa kikombe cha kipimo, sio kwa mizani), panda taratibu mpaka 100 ukiangalia matundu kwenye karatasi, usivuke kiwango kilichoandikwa na aliyetengeneza bunduki yako, na ile baruti ya raifo isiyo na moshi usiiguse kabisa. Nunua pakiti mbili za aina mbili tofauti uzijaribu Julai, itakayokusanya matundu kwa yadi 75 ongeza hiyohiyo mapema, maana Agosti mwishoni wote tunazikimbilia na shelfu zinabaki na saboti tupu.