Ukarimu au kujitolea?

Watu huyachanganya, hasa kwenye risala na barua za kuomba kazi. Ukarimu, neno lenye asili ya Kiarabu, hukaa karibu na mlango na sahani: mkarimu humkaribisha mgeni, hulisha, huazima, hutoa alichonacho. Kinyume chake ni uchoyo, au ubahili pakiwa na fedha. Una mipaka yake pia, ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kujitolea ni kitenzi, na kinachotolewa ni mtu mwenyewe: muda wake, nguvu zake, hata damu yake. Kinyume chake ni ubinafsi. Tajiri anayelipia kisima ni mkarimu. Kijana anayekichimba bila ujira amejitolea. Ukimwita huyo kijana mkarimu, utaeleweka, ila umempunja sifa. Siku hizi neno hili limeingia ofisini: “mwalimu wa kujitolea” mara nyingi ni mtu anayesubiri ajira huku akipewa posho kidogo, na hapo hiari yenyewe naitilia shaka.

Usiangushe silabi ile ya -le-. “Amejitoa kwenye mashindano” maana yake amejiondoa. Na “kujitoa mhanga”, iliyokuwa sifa ya shujaa, vyombo vya habari vimeizoeza masikioni kwa habari za mabomu. Kwenye wasifu wa marehemu andika “alijitolea kwa ajili ya wengine”.