Mwezi Mmoja na Nyimbo za Neneh Cherry: Uzoefu Wangu wa Huduma ya Muziki ya Kulipia

Mwezi uliopita, hapa Mwanga, Kigoma, nililipia huduma ya kusikiliza muziki kwenye simu kwa ajili ya mwimbaji mmoja tu, Neneh Cherry, ambaye kwa miaka mingi nilimfahamu kwa "7 Seconds", wimbo alioimba na Youssou N'Dour wa Senegal mwaka 1994 kwa Kiwolofu, Kifaransa na Kiingereza. Naupenda hadi leo, lakini nilitaka kujua alifanya nini kingine.

Hapo ndipo huduma iliponikwaza. Ukiandika jina lake, wimbo huo ndio unaotangulia, kisha inafuata mikusanyo inayourudia, na albamu zake kamili inabidi uzitafute mwenyewe chini kabisa. Mwenye kifurushi kidogo cha intaneti ataondoka akiamini kwamba mama huyu aliimba mara moja akanyamaza.

Nilipakua albamu zake usiku, nikapanda nazo treni ya kwenda Tabora, na zililia bila kukwama hata mtandao ulipopotea baada ya Uvinza. Kwa hilo naisifu huduma kwa dhati. Iliyonishika zaidi ni The Cherry Thing ya mwaka 2012, aliyoifanya na The Thing, kundi la jazi la watu watatu kutoka Skandinavia, lililoanza kwa kupiga tungo za Don Cherry, mpiga tarumbeta aliyemlea Neneh kama baba yake. Saksafoni inanguruma, ngoma zinakwenda mbio, naye hashindani navyo kwa kupaza sauti, bali anaimba kwa utulivu unaokulazimisha kumfuata. Wimbo wa "Golden Heart", ambao ni utungo wa mzee huyo, niliurudia mara tatu kabla hatujafika Kaliua.

Blank Project ya mwaka 2014, iliyotayarishwa na Kieran Hebden, anayejulikana kama Four Tet, inafunguliwa na "Across the Water", sauti yake na ngoma tu, akimwomboleza mama yake mzazi. Hiyo isikilizwe peke yako, kwa hedifoni nzuri.

Hata Blue Lines, albamu ya kundi la Uingereza la Massive Attack, ya mwaka 1991, ina mkono wake, kwani sehemu yake ilirekodiwa nyumbani kwake London.

Nimeshalipia mwezi wa pili. Naanza na Broken Politics ya mwaka 2018, ambayo pia aliitengeneza na Hebden.