Saa janja ya Sh 65,000: chaji safi, Bluetooth inatangaza mno (uzoefu wangu)

Nianze na mazuri yake. Chaji inapita wiki, kioo kinasomeka hata kwenye jua la saa saba mchana, mapigo ya moyo hayapishani sana na kipimo cha zahanati, na mkanda bado mzima. Kwa bei ya Kariakoo sina neno. Chapa siitaji, maana saa za namna hii hutoka na majina chungu nzima huku ndani ni ileile.

Kinachoniudhi ni Bluetooth yake.

Kwenye simu nina nRF Connect, programu ya bure ya Nordic Semiconductor wa Norway, ambao ndio watengenezaji wa chipu nyingi za Bluetooth zilizomo kwenye vifaa vidogo kama hivi. Ukiskani, inakuonyesha kila kinachojitangaza karibu nawe, yaani kinachorusha hewani ujumbe mfupi wa "nipo hapa": jina, nguvu ya mawimbi, na anwani ya kifaa yenye herufi na tarakimu 12. Tumia Android, kwa sababu iPhone haizionyeshi programu anwani halisi.

Saa ikiwa imeshikana na simu yangu, inanyamaza. Lakini zima Bluetooth ya simu kuokoa chaji, au iache simu ndani utoke kwenda dukani, hapo saa inaanza kujitangaza mfululizo. Na anwani ni ileile asubuhi, ileile jioni, ileile hata baada ya kuizima na kuiwasha. Mtu akiweka kipokezi cha bei chee getini kwetu na kingine kituo cha daladala, atajua mkono huu ulipita wapi saa ngapi, hata kama jina langu halijui.

Kinachokera zaidi ni kwamba dawa ipo tangu Bluetooth 4.0 ya mwaka 2010. Saa na simu zikioanishwa, yaani zikitambulishana mara ya kwanza, saa inaweza kuipa simu ufunguo wa siri wa biti 128. Kuanzia hapo inajitangaza kwa anwani ya muda: nusu ni namba ya kubahatisha, nusu ni jibu la hesabu iliyofanywa kwa namba hiyo pamoja na ule ufunguo. Simu yako inarudia hesabu, jibu likilingana inaitambua saa yake. Wengine wote wanaona kifaa kigeni. Muda wa kawaida wa kubadilisha ni dakika 15. Anwani za namna hii huanza na 4, 5, 6 au 7. Yangu inaanza na D wala haibanduki.

Si tatizo la saa za bei poa peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa shirika la Open Effect na wa maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walichunguza vifaa vinane vya mazoezi vya chapa kubwa, wakakuta Apple Watch ndiyo pekee iliyokuwa ikibadilisha anwani. Miaka imepita, na baadhi ya watengenezaji wamejirekebisha. Wengine wamejirekebisha nusunusu: saa ya mdogo wangu, ghali kuliko yangu, inabadilisha anwani vizuri kabisa, ila jina inalojitangazia lina herufi nne za mwisho zisizobadilika. Ni mtu aliyevaa barakoa huku kitambulisho cha kazini kinaning'inia shingoni.

Sasa upande wa kuunganisha. Saa yangu haikuniuliza namba yoyote, na ukifungua orodha ya vifaa vilivyooanishwa kwenye simu, haimo. Programu yake inajiunganishia tu. Nikazima Bluetooth ya simu yangu, nikamwambia rafiki yangu akae kochi la pili na simu yake yenye nRF Connect. Akagusa "connect", akasoma kiasi cha chaji, akaingia kwenye huduma ya tahadhari, akaandika namba moja, saa ikatetemeka mkononi mwangu. Alicheka sana. Mimi kidogo.

Nina kibodi ya Bluetooth ya bei karibu na hiyohiyo, na yenyewe ilikataa kufanya kazi mpaka niandike tarakimu sita zilizotokea kwenye simu. Namba hiyo ndiyo inayomzuia mtu kujipenyeza katikati wakati vifaa vinafahamiana. Saa nyingi hazina hata kitufe cha kuandikia, sawa, lakini hii ina kioo: ingeonyesha namba sita, simu ionyeshe zilezile, nikubali. Njia hiyo imo kwenye Bluetooth 4.2 ya mwaka 2014, iliyoleta pia namna ya kupatana ufunguo bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Uoanishaji wa zamani wa vifaa hivi vidogo, aliyeunasa tangu mwanzo anaufungua kwa kompyuta ya kawaida, hata kama uliandika tarakimu sita, kwa kuwa michanganyiko ni milioni moja tu.

Saa nimebaki nayo. Bluetooth ya simu siizimi tena, na chaji inayoliwa ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kwa mtu anayetaka kuhesabu hatua na simu yake haibanduki mfukoni, inunue. Kwa mwandishi wa habari anayekutana na watu wasiotaka kujulikana, au dada anayemkimbia mtu anayemfuatilia, hapana, hata kwa nusu bei.

Ukienda dukani, kabla hujalipa omba saa iwashwe na ioanishwe na simu ya muuzaji, Bluetooth ya simu hiyo izimwe, uskani kwa simu yako, piga picha ya skrini, zunguka maduka mengine nusu saa, urudi uskani tena. Linganisha anwani, kisha jina. Muuzaji wangu safari ya pili aliniangalia tu: "Kaka, pima utakavyo, ila plastiki ya kioo usiibandue."