Tiba ya usemi: kliniki au simu ya video?

Mzazi wa Dar es Salaam anaweza kumfikisha mtoto Hospitali ya Muhimbili kwa daladala. Wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, ana safari ya siku nzima, nauli, na bado atafute pa kulala. Ndiyo maana swali hili ni zito.

Kliniki haina mbadala kwa mambo mawili. Kwanza masikio: mtoto aliyechelewa kusema apimwe usikivu kabla ya yote, na kipimo hicho kamili hakifanyiki kwa simu ya video. Pili ni kumeza. Mgonjwa wa kiharusi akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, aonwe ana kwa ana, tena upesi. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huweza kuleta nimonia.

Kwa kigugumizi cha mtoto mdogo, video naiamini kabisa. Utaratibu wa Lidcombe, uliotoka Australia, unamtegemea mzazi mwenyewe: kila siku anaongea na mtoto dakika chache, na maneno yakitoka vizuri anamwambia, "Hapo umesema bila kukwama, mwanangu." Kazi ya mtaalamu ni kumwelekeza mzazi, na hilo video inaliweza. Tena mtoto akiwa kwao, na vitu vyake, huwa huru zaidi kuongea.

Mtu mzima aliyepotelewa na maneno baada ya kiharusi aanzie kliniki, kisha mazoezi yaendelee kwa video, ndugu akiwa pembeni. Ila ndugu asimmalizie sentensi. Ampe muda.