TAHADHARI: "Dawa ya amonia" inayosafisha maji mbele ya macho yako

Wadau wa samaki wa mapambo hapa Dar, kuna jamaa anazunguka majumbani na chupa anayoiita "dawa ya amonia", amonia ikiwa ile sumu ya majini inayotokana na kinyesi cha samaki. Nusu lita shilingi 35,000, na watu wananunua kwa sababu anawapimia maji hapo hapo, rangi inageuka wakiangalia. Kipimo chake si cha amonia. Ni kipimo cha pH (uchachu wa maji; namba ikishuka, maji yamekuwa machachu zaidi), na kilichomo kwenye chupa ni tindikali.

Jina lake sitalitaja, namba za simu anabadilisha, na duka hana. Shikeni mtindo wake. Anakaa kimya kwenye magrupu ya WhatsApp akisubiri mtu aandike "samaki wangu wanahema juu ya maji, msaada jamani". Anamfuata pembeni kwa maneno matamu, na jioni yuko mlangoni na bodaboda.

Nilikuwepo alipofika kwa wifi yangu Tabata. Kijana nadhifu, mpole, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. "Dada, sogea uone mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya." Akachota maji ya tangi kwenye kijichupa cha kioo, akadondosha matone matatu, yakawa bluu papo hapo. Akatoa karatasi ya rangi, nayo ni ya kipimo halisi cha amonia, ile inayoanza na njano, inaingia kijani, na kule mwisho kabisa kijani cha kukaribia bluu. Kidole akakiweka kule mwisho. "Hapa samaki hawafiki asubuhi." Kisha akadondosha dawa yake kwenye kijichupa kile kile, akatikisa, maji yakawa njano. "Sifuri, dada. Umeona?" Wifi alishashika simu kutuma hela.

Mazingaombwe yenyewe ni haya. Dawa ya kupimia pH iliyozoeleka huwa bluu pH ikizidi kama 7.6, kijani ikiwa karibu na 7, na njano ikishuka hadi 6. Ukitia kitu kichachu, bluu lazima igeuke njano. Kipimo cha amonia cha matone nacho ni njano pale ambapo hakuna amonia, na kijani kinakolea kadiri inavyozidi. Rangi zinafanana, ndiyo maana anatembea na karatasi ya kipimo kimoja na matone ya kingine.

Kwa kuwa hayo matone nayo anayauza (shilingi 10,000, mwizi hana aibu), nilimwomba wifi kichupa chake nikajaribu jikoni. Maji ya kunywa ya dukani, chembe mbili za magadi yale ya kuchemshia maharage, matone matatu: bluu. Kwa kipimo chake, maji yale yanaua samaki kabla ya asubuhi. Nikakamulia ndimu, yakawa njano. Ndimu moja imefanya kazi ya chupa ya 35,000. Mwenye kichupa kile nyumbani ajaribu leo, vitu vyote vipo jikoni.

Tangi lenyewe nililipima kwa kipimo cha amonia cha kweli, kabla ya dawa na kesho yake. Kijani kile kile, hakijapungua hata kidogo. Kilichoshuka ni pH.

Sasa mtu atauliza, mbona samaki walitulia? Ni kweli walitulia, na hapo ndipo jamaa anapokula hela za watu. Amonia kwenye maji iko kwa sura mbili: amonia huru, inayounguza mashavu ya samaki, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kinachogawa ni pH na joto. Kwa maji ya nyuzi 28, ambayo ni ya kawaida kabisa sebuleni Dar, pH ikiwa 7 amonia huru haifiki asilimia 1 ya jumla. Ikiwa 8, ni kama asilimia 6 au 7. Ikiwa 9, ni kama asilimia 40. Kwa hiyo tindikali inaifunga sumu kwa muda bila kuiondoa. Samaki wanapata nafuu, mteja anashukuru, jamaa anaondoka. Maji yakirudi kwenye pH yake, au ukiongeza ya kisima yenye pH ya juu, sumu yote inarudi kwa mpigo, safari hii juu ya samaki waliokwisha kuchoka.

Na kuna ubaya mwingine ambao nadhani hata yeye mwenyewe haujui. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hawapendi maji machachu. Chini ya pH 6.5 wanalegea, ikifika 6 karibu wanasimama kabisa. Ukimwaga dawa hii kila wiki kama anavyoelekeza, tangi lako halitakomaa, yaani halitapata bakteria wa kutosha, na wewe utabaki mteja wake wa kudumu.

Halafu anakwambia sponji ya filta "imechakaa", anakuuzia mpya. Ile ya zamani, yenye utelezi wa kahawia, ndimo walimo bakteria wengi. Kwa wifi aliikamua vizuri, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka nayo. Anaipeleka wapi sijui, ila sponji iliyokomaa ndiyo mali, kuliko hata samaki.

Wenye samaki wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa, huyu mtu msimfungulie geti. Tanganyika asili yake pH inakaribia 9. Samaki wale wamezaliwa kwenye maji hayo, kuwashusha hadi 6 kwa usiku mmoja ni kuwaua kwa njia nyingine.

Akija mtu kukupimia, angalia saa. Kipimo cha amonia cha matone kina vichupa viwili au vitatu vinavyotiwa kwa zamu, kisha unasubiri dakika tano au zaidi rangi ikolee. Rangi ikiruka hapo hapo kwa kichupa kimoja, hiyo siyo amonia. Na dawa isijaribiwe ndani ya kijichupa kilichokwisha pimwa, maana kwenye kijichupa kitu chochote kichachu kitavuruga rangi. Itiwe kwenye tangi, maji yachotwe upya, yapimwe kwa kipimo chako. Mkweli hatakataa. Huyu wetu nilipomwambia hivyo alikumbuka ana mteja Mbezi anamsubiri.

Chupa yenyewe ni ya maji ya kunywa iliyobandikwa stika: hakuna jina la kiwanda, hakuna viambato, hakuna tarehe. Jina linalotokea kwenye simu unapolipa silo alilojitambulisha nalo.

Ambao mmeshaimwaga, msibadilishe nusu ya maji kwa mara moja, hasa kama mnatumia kisima. pH itaruka na kuifungua ile amonia iliyofungwa. Badilisheni kidogo kidogo, ndoo ndogo asubuhi na jioni, pampu ya hewa ikiwaka muda wote, na chakula kisimamisheni siku moja mbili. Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, yalazeni kwenye ndoo wazi siku nzima au tumieni kiondoa klorini. Ambao hamjatia chochote na samaki wanahema, ninyi badilisheni theluthi mpaka nusu ya maji leo hii, kisha ombeni kipande cha sponji chafu kwa mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima. Tangi jipya lisilosaidiwa huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, na umeme ukikatika usiku kucha filta ikakosa hewa, bakteria wengi wanaweza kufa, kwa hiyo kesho yake pima kabla ya kulisha.

Wifi amebaki na samaki wanne. Hela haijarudi, namba haipatikani.

Mwenye chupa ya jamaa huyu asiitupe. Piga picha stika, hifadhi ujumbe wa muamala, kisha uziweke hapa chini ukiwa umefuta namba yako. Tukizipata za kutosha tutazipeleka FCC (Tume ya Ushindani) kwa pamoja, maana mtu mmoja mmoja na chupa yake ya 35,000 hatasikilizwa.